Bandeji Zilizopigwa Pasi

Nyumbani kwa shangazi yangu hapakuwa na kitambaa kilichojua mikunjo. Mashuka yalipigwa pasi, foronya zilipigwa pasi, hata matambara ya kufutia vyombo yalipigwa pasi na kupangwa kabatini kama barua. Nilipokuwa mtoto nilidhani ndivyo watu wote wanavyoishi. Siku ya kwanza kulala kwa rafiki yangu wa shule, nikaona taulo limejikunja nyuma ya mlango, nikajua humo ndani mna mgonjwa.

Alikuwa mpiga pasi. Miaka thelathini na moja alisimama kwenye meza moja katika duka la dobi, mtaa wa pili kutoka kwetu, kati ya fundi viatu na seremala. Meza yenyewe ilikuwa mali yake. Babu yangu, baba yake, aliichonga kwa mbao nzito siku bintiye alipopata kazi, akamletea mgongoni. Juu yake palitandikwa blanketi la sufu, na juu ya blanketi shuka jeupe ambalo upande wa kuwekea pasi lilikuwa limegeuka rangi ya chai. Wateja walimwita Mama Kola, kwa sababu hakuanza shati popote ila kolani. Kola kwanza, alisema, kisha mabega, kisha mikono. Tumbo la shati halina haraka.

Mimi ni mtoto wa kaka yake, na alinilea tangu nikiwa na miaka minne. Nilikulia chini ya meza ile. Nikitoka shule niliingia humo na madaftari yangu, nikasikia pasi ikitua juu ya kichwa changu, kimya, kisha ikiteleza, na matone ya maji aliyonyunyiza kwa vidole yakinidondokea shingoni. Mbele ya macho yangu kulikuwa na miguu yake tu. Naifahamu miguu ile kuliko ninavyoukumbuka uso wake wa wakati huo. Mishipa ilikuwa imejikunjakunja kama mizizi iliyotafuta maji, na juu ya kifundo, upande wa ndani, ngozi ilikuwa imeiva, ya kahawia, kama kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi. Jioni viatu vilikataa kutoka. Nilivivuta mimi, yeye kashika ukingo wa kitanda, tukacheka.

Siku moja nilimuuliza kwa nini asikae. Akanitazama kama niliyemtukana.

"Ukikaa hupigi pasi," alisema. "Unapapasa nguo."

Kidonda kilianza na kona ya kreti la sabuni. Alijigonga hapohapo juu ya kifundo, pakachubuka padogo kama punje ya hindi, akafuta damu akaendelea na kazi. Punje ikakataa kukauka. Baada ya mwaka ilikuwa sawa na kifuniko cha chupa; baada ya miaka mitatu, wakati mimi niko mwaka wa pili chuo cha ualimu, kiganja changu hakikutosha kukifunika. Alikuwa amekipa kila alichoambiwa. Jirani wa mbele alisema asali, jirani wa nyuma akasema chumvi, fundi viatu akamletea vidonge avipasue na kumwagia unga wake. Ilikuwa bandika bandua, na kidonda kikanywa vyote kikataka tena. Watu walianza kusema ni donda ndugu, na kwamba donda ndugu halina dawa ila msumeno. Yeye aliligeuza neno hilo kuwa mzaha. Ndugu gani huyu, alikuwa akisema, anakaa miaka mitatu na wala haulizi lini aondoke. Lakini nilimwona akivaa sketi ndefu zaidi, na akijimwagia poda kabla ya kutoka.

Poda haikutosha. Mteja mmoja alirudisha mashati yake akisema yananuka hospitali. Mwenye duka, ambaye sote tulimwita Tajiri ingawa viatu vyake vilikuwa na viraka, hakuwa mtu mbaya. Alimchukua pembeni akamwambia aende akatibiwe. Meza angemtunzia hadi mwanzo wa mwaka wa shule. Shule zikifunguliwa, sare zinakuja kwa magunia, na hapo lazima awe na mtu wa kusimama mezani. Kama Mama Kola bado, atatafuta mwingine.

Ilikuwa mwezi wa nane. Shangazi alirudi nyumbani saa nne asubuhi, saa ambayo sikuwahi kumwona ndani ya nyumba siku ya kazi, akaketi kwenye kiti cha wageni. Akaitazama mikono yake, aliyokuwa ameilaza juu ya mapaja kama vitu alivyoshikizwa na mtu.

Ndivyo tulivyofika kwenye chumba cha vidonda. Kilikuwa mwisho wa ukumbi wa zahanati, mlango wa kijani, benchi nje, na ndani kitanda kirefu, sinki, na ndoo pana iliyotandikwa mfuko wa plastiki. Muuguzi wa vidonda alikuwa kijana mrefu, mwenye mikono iliyokauka kwa sabuni. Wagonjwa walimwita Robo Saa. Ukimuuliza utasubiri mpaka lini, jibu lilikuwa robo saa. Ukimuuliza itauma mpaka lini, robo saa. Na kila mgonjwa alimwagiza kwamba akiwa nyumbani, kila robo saa achezeshe kifundo au atembee kidogo.

Shangazi alimwita daktari. Akamwambia yeye si daktari, ni muuguzi. Shangazi akasema basi mwanangu, maana lazima nikuite kitu.

Hakukigusa kidonda kwanza. Alimpima presha mkononi, kisha akamfunga kitambaa kilekile cha kupimia juu ya kifundo, akasikiliza kwa kifaa kidogo kilichotoa mlio kama upepo unaopita chini ya mlango. Alieleza kwamba anataka kujua kama damu inayoshuka inafika vizuri mpaka vidoleni, kwani mguu usiofikiwa na damu haubanwi. Wa shangazi ulifikiwa. Shida yake ilikuwa safari ya kurudi.

"Damu kushuka ni teremko, mama, kila mtu anaweza," alisema. "Kupanda ndiyo kazi. Ndani ya mishipa mna vilango vidogo vinavyoizuia isirudi chini. Vyako vimelegea. Inapanda hatua mbili, inarudi tatu. Hayo maji yanayotoka kidondoni yanatokana na hilo."

"Na dawa yake?"

"Kuubana mguu."

Njia nzima ya kurudi alinung'unika. Mtu kaja na kidonda, kapewa kamba. Alikuwa ametegemea sindano, tena kubwa. Lakini alikuwa ameona kazi ikifanyika, na kazi nzuri ya mikono aliiheshimu hata kama haielewi. Robo Saa alimwosha mguu wote kwenye ile ndoo kwa maji ya uvuguvugu, akapaka mafuta ngozi iliyokauka, akaweka juu ya kidonda kitambaa laini kisichong'ang'ania. Kisha pamba, kuanzia shina la vidole hadi chini ya goti. Kisha bandeji yenyewe, ile inayovutika, akiivuta na kuizungusha, kila mzunguko ukilala juu ya nusu ya mzunguko uliotangulia, kisigino ndani, bila kuacha dirisha. Shangazi alisema kijana anakunja kama mtu aliyelelewa.

Akapewa bandeji nne. Mbili avae, mbili azifue kwa sabuni ya kawaida na kuzianika kivulini, kwani za zahanati hazikutosha kutupwa. Arudi kila Jumanne na Ijumaa. Akikaa, mguu uwe juu kuliko moyo. Asisimame mahali pamoja.

Kila wiki Robo Saa alilaza juu ya kidonda kipande cha plastiki kinachoonyesha upande wa pili, akachora ukingo wake kwa kalamu na kuandika tarehe. Mwezi wa kwanza wa matibabu michoro ilipungua. Ukiipanga mmoja juu ya mwingine uliona kidonda kikirudi nyuma kidogo kidogo, kama maji ya dimbwi jua likitoka. Shangazi alianza kuhesabu wiki. Alinituma nipite dukani nione kama meza iko. Ilikuwepo, imefunikwa turubai.

Kisha michoro ikasimama. Mwezi wa pili wa kufungwa ukaisha, wa tatu ukaingia, mstari ulikuwa palepale. Maji yakarudi, na harufu nayo. Bandeji ziliteremka, ikifika siku ya tatu zilikuwa zimekusanyika kifundoni kama soksi ya mwanafunzi mtoro, shangazi akazibana kwa pini. Robo Saa alidhani makosa ni ya wanafunzi wa uuguzi, ambao siku hizo ndio waliokuwa wakifunga, yeye akipima tu. Akawafokea. Kisha akamgeukia shangazi.

"Mama, unasimama nyumbani?"

"Nasimama kwenda chooni, mwanangu. Au na huko niende nimekaa?"

Wanafunzi walicheka, yeye hakucheka. Wala mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeona kitu. Mara mbili niliporudi kutoka chuoni niliigusa pasi juu ya kabati nikaikuta ina joto. Nilijua maana yake. Nikitoka tu anasimama, anapiga pasi nguo za watu kwa siri ili mkono usisahau. Usiku huo nilimwambia hivyo, na kwa maneno ambayo leo ningelipa nisiyaseme. Nilimwambia anatupotezea muda sote.

Alikuwa amelala chali, mguu juu ya mito miwili.

"Nakaa," alisema. "Nimekaa mpaka makalio yamesahau kazi yake. Wewe soma."

Akageukia ukutani. Nikaamini namfahamu, nikasoma.

Ukweli ulitoka Ijumaa moja, katikati ya mwezi wa kumi na moja, na kilichoutoa ni kukatika kwa umeme. Mtaa wote ulikuwa gizani tangu Jumatano. Tulipoingia chumba cha vidonda, shangazi hakuketi. Alisimama mlangoni ameshika mfuko wake, na uso wake ulikuwa na aibu ambayo sikuwahi kuiona, hata siku aliporudishiwa mashati.

"Unisamehe, mwanangu," alimwambia Robo Saa. "Leo nimekuletea bandeji za mikunjo. Umeme hakuna."

Robo Saa alikuwa ananawa. Akafunga bomba.

"Mikunjo gani, mama?"

"Sijazipiga pasi."

"Huwa unazipiga pasi?"

"Pande zote mbili," shangazi alisema, akidhani anajitetea. "Lakini nimekaa. Mguu juu ya mto, kama ulivyosema. Naweka ubao mapajani. Siwezi kukuletea kitambaa cha mikunjo ufunge mbele za watu."

Nilikumbuka sifa alizokuwa akipewa. Wanafunzi walikuwa wakigombea kufunga mguu wake kwa sababu bandeji zake zilikuwa safi na zimenyooka kuliko za kwenye boksi. Nilikumbuka pasi yenye joto. Na zaidi ya hapo, nilikumbuka kwamba nilikuwa nimeziona, bandeji zile, zimeviringishwa juu ya kabati, laini na bapa kama utepe, nikapita. Katika nyumba ile, kitu kilichopigwa pasi hakikuwa na la kukufanya usimame kukitazama.

Robo Saa hakumkaripia. Alitoa bandeji mpya kwenye boksi, akaifungua, akampa ncha moja. Vuta, akamwambia. Shangazi akavuta; ikaja, ikamrudisha mkono. Kisha akampa ile yake. Shangazi akavuta. Hakungoja kuambiwa. Aliishika kati ya kidole gumba na cha shahada, akaisugua polepole, kama alivyokuwa akipima kitambaa cha mteja kabla ya kuchagua joto.

"Hii imekufa," alisema.

"Imekufa, mama. Ndani mna nyuzi za mpira. Moto umezimaliza. Miezi miwili tumekufunga leso."

Shangazi akaketi. Akaitazama mikono yake vilevile kama siku ile ya mwezi wa nane. Nilitaka kumwomba msamaha palepale, lakini palikuwa na watu, na maneno yangu yalikuwa mengi. Nilimwomba nyumbani. Akaniambia, wewe ulisema nasimama, mimi nikasema nakaa, na kidonda kilikuwa kinatusikiliza wote wawili kinacheka.

Akafungwa upya kwa bandeji mpya, safari hii na Robo Saa mwenyewe. Maumivu ya siku mbili za kwanza yalimshangaza. Mguu ulikuwa umesahau kubanwa. Wiki iliyofuata mchoro ulipungua upana wa kucha. Kila Jumanne na Ijumaa alirudi na bandeji zilizofuliwa, zimeanikwa kivulini na kuviringishwa kwa mkono, na alizitoa mfukoni akiangalia pembeni, kama mtu anayetoa nguo za ndani. Nadhani hilo lilimuuma kuliko kidonda.

Jumapili ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, Tajiri alikuja nyumbani. Alikaa kwenye kiti cha wageni, akauliza mguu vipi. Kidonda kilikuwa kimebaki sawa na kifungo cha koti, chekundu, kisafi, hakina harufu. Shangazi alimwambia hivyo. Alifurahi kweli, niliona. Kisha akauliza lile alilojia.

"Unaweza kusimama?"

Angeweza kudanganya. Angesimama siku moja, wiki, na kidonda kingefunguka taratibu chini ya sketi ndefu. Nilimwona akilifikiria hilo.

"Kusimama siwezi," alisema.

Tajiri akainamisha kichwa. Akazungumza vizuri sana, juu ya miaka thelathini na moja, juu ya kola ambazo hazikuwahi kurudishwa. Akasema kuna binti anakuja Jumatano. Akaaga. Nikamsindikiza mpaka barabarani. Niliporudi, nilitarajia kumkuta ameelekea ukutani. Alikuwa amekaa kitako kitandani, ule ubao wa bandeji uko mapajani, anaupimia kiwiko.

"Nenda kwa seremala," aliniambia. "Mwambie kesho saa kumi na mbili asubuhi, dukani. Aje na futi na msumeno."

Nikamuuliza wa nini. Akasema miezi miwili amepiga pasi amekaa na hakuna aliyejua, tena kitambaa chembamba kuliko shati lolote. Kilichomshinda hakikuwa kukaa, bali urefu wa meza.

Ufunguo wa mlango wa nyuma alikuwa nao, hakuna aliyewahi kumdai. Tuliondoa turubai. Shangazi akaketi kwenye kigoda cha fundi viatu, akavuta kreti la sabuni, huenda ndilo lilelile, akaweka mguu juu yake, na seremala akapima kutoka sakafuni hadi chini ya kiwiko chake. Alipouweka msumeno kwenye mguu wa kwanza alisita. Alisema mzee aliyeichonga hii alijua kazi. Shangazi akamwambia kata. Akasema mzee mwenyewe angekuwepo angekata, maana alimchongea binti, hakumchongea meza. Vipande vinne vikaanguka sakafuni, kila kimoja kirefu kidogo kuliko shibiri. Seremala akavikusanya, shangazi akaona, akatabasamu, akasema watu walitabiri msumeno na kweli umekuja, ila umekosea miguu.

Tajiri alipofungua mlango wa mbele, mashati matatu yalikuwa yametundikwa. Alitazama meza, akatazama vipande mkononi mwa seremala.

"Nani kakata meza?"

"Mwenye meza," shangazi alisema. "Tazama kola."

Akachukua shati la kwanza, akaenda nalo mlangoni kwenye mwanga. Akapitisha kidole gumba kolani, akageuza, akatazama ncha zote mbili. Alichukua muda. Shangazi hakuinua macho. Alinyunyiza maji, akaweka pasi. Sauti ilikuwa nyingine, fupi, ya karibu na sakafu.

"Kuna sare za shule mbili," Tajiri alisema, akilirudisha shati kwenye kiango. "Magunia matano. Binti akija Jumatano atasimama kwenye ndoo, afue."

Kidonda kilifunga mwezi wa tatu, siku ya Ijumaa, na Robo Saa alimpa shangazi ile michoro yote ya plastiki, naye akaiweka kwenye albamu ya picha, nyuma ya picha ya babu. Tangu hapo alivaa soksi za kubana, akizipandisha asubuhi kabla hajashusha mguu kitandani, na alifanya kazi miaka tisa mingine amekaa. Kila robo saa aliinuka, akatembea mpaka mlangoni na kurudi. Fundi viatu alisema hana haja ya saa.

Sasa yeye hayupo. Kilichomchukua ni kingine, na miguu yote miwili ilikuwa mizima. Nilipopanga nguo zake kabatini nilikuta kila kitu kimenyooka kama alivyokiacha, na nyuma kabisa, ndani ya mfuko wa karatasi, soksi zake na bandeji mbili, zimejikunja. Sikuzigusa kwa siku kadhaa.

Meza ninayo. Ni fupi mno kwa mtu kusimama nayo, na chini yake haingii mtoto. Nafundisha, nasimama mbele ya ubao mchana kutwa, na nimeanza kuona mishipa ile ile ikijitokeza juu ya kifundo changu, upande wa ndani. Jioni naketi mezani pake kusahihisha madaftari, mguu juu ya kreti. Madaftari mengi huja yamekunjwa ncha. Nazinyoosha moja moja kwa kidole gumba kabla ya kusoma.